Báthory, Mary Ann Cotton, Belle Gunness au Raya na Sakina: umchukue nani kwa riwaya yako?

Umeshaamua unaandika riwaya ya kihistoria, mhusika mkuu ni mwanamke aliyeua watu wengi, na sasa umekwama maana majina yako mengi na kila ukigusa moja unaona lina utamu wake. Wengi wakifika hapa wanaangalia nani kaua wengi zaidi, wanamchukua huyo, na baada ya muda faili limelala kwenye kompyuta halifunguliwi tena. Mimi naamini idadi ya maiti haibebi riwaya hata siku moja. Kinachobeba ni pengo, yaani lile eneo ambalo kumbukumbu zimenyamaza na wewe ndo unatakiwa uingie ukae humo miaka miwili mitatu ukijenga. Kila mmoja wa hawa ana pengo lake, na si kila mwandishi anaweza kuishi kwenye kila pengo.

Nimeweka kesi nne mezani. Nitazipima kwa vitu vilevile: tuna uhakika gani kwamba walifanya, makaratasi gani yamebaki na yako kwa lugha gani, dunia gani utalazimika kuijenga, nani anaweza kusimulia, waliokufa utawabebaje, na mwisho wa stori ukoje. Sitakaa muda sawa kwa kila kipimo, vingine vina nyama zaidi.

Kwanza, ni akina nani

Erzsébet Báthory ni wa ukoo mkubwa kabisa wa Hungaria, kazaliwa 1560, kaolewa na Ferenc Nádasdy 1575 akiwa bado binti mdogo. Mume akafa 1604. Mwisho wa Desemba 1610 akakamatwa kwenye ngome yake ya Csejte, ambayo leo iko ndani ya Slovakia, kwa tuhuma za kutesa na kuua wasichana waliokuwa wanamtumikia.

Mary Ann Cotton ni binti wa mchimba makaa ya mawe wa County Durham, kaskazini mwa Uingereza, kazaliwa 1832. Waume, watoto wa kuzaa, watoto wa kambo, mpangaji ambaye pia alikuwa mpenzi wake, wote wanaumwa tumbo, wanatapika, wanakufa, na mara kadhaa kuna kibima kidogo kinalipwa. Alinyongwa Durham tarehe 24 Machi 1873.

Belle Gunness alizaliwa Selbu, Norwei, mwaka 1859, akahamia Marekani 1881, akaishi Chicago, halafu 1901 akanunua shamba nje kidogo ya mji wa La Porte, Indiana. Akawa anatangaza kwenye magazeti ya wahamiaji wa Skandinavia kwamba mjane mwenye shamba zuri anatafuta mwenza, wanaume wanakuja na akiba zao zote, na ndo inakuwa mara ya mwisho kuonekana. Aprili 1908 nyumba ikateketea.

Raya na Sakina ni ndugu wa tumbo moja, asili yao Misri ya Juu, yaani kusini mwa nchi, wakaishia mtaa wa Labban huko Alexandria. Novemba 1920 maiti za wanawake zikaanza kufukuliwa chini ya sakafu za vyumba walivyokuwa wamepanga, na hesabu ikaishia 17. Mwaka uliofuata watu 6 walihukumiwa kifo: wao wawili, waume zao, na wanaume wengine wawili.

Walifanya kweli?

Hapa Báthory ndo anakuwa mgumu kuliko wote, na kwa waandishi wengine hapohapo ndo anakuwa mtamu. Ushahidi upo, tena mwingi. György Thurzó, aliyekuwa kiongozi wa juu wa Hungaria chini ya mfalme, alituma watu wakakusanya maelezo ya mashahidi zaidi ya 300. Tatizo ni aina ya ushahidi wenyewe, maana wengi wanasema nimesikia, fulani aliniambia, kijijini wanasema. Watumishi wake wa karibu waliteswa ndipo wakahojiwa, kesi yao ikaendeshwa haraka haraka Januari 1611 na watatu wakauawa palepale, na yeye mwenyewe hakuwahi kusimamishwa mbele ya hakimu. Ile idadi ya 650 inayorudiwa kila mahali imetoka kwa msichana mmoja tu aliyesema kuna daftari, ambalo yeye mwenyewe hakuliona. Na ile ya kuoga damu ili asizeeke? Ilichapishwa mara ya kwanza 1729, miaka zaidi ya 100 baada ya kifo chake! Ongeza kwamba mfalme Matthias II alikuwa anadaiwa pesa nyingi na familia hiyo, na mjane mwenye ardhi kubwa namna ile alikuwa kero kwa watu wengi. Wanahistoria hadi leo hawajakubaliana. Sasa wewe kabla hujaandika ukurasa wa kwanza lazima ujue unasimama wapi, au uamue kwamba kutokujua ndo riwaya yenyewe.

Kwa Cotton uhakika upo lakini ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Alitiwa hatiani kwa mauaji ya mtoto mmoja tu, Charles Edward, mtoto wa kambo wa miaka 7. Baadhi ya waliofukuliwa walikutwa na sumu ya arseniki, na makadirio ya jumla yanafika hata 21, ila ukumbuke zama zile watoto wa familia za wachimba makaa walikuwa wanakufa kwa homa za tumbo kila mtaa bila mtu kuwagusa. Kwa hiyo una rundo la makaburi na hujui lipi ni lake na lipi ni la ugonjwa. Utetezi wake mahakamani ulikuwa kwamba mtoto alivuta vumbi la arseniki kutoka kwenye rangi ya kijani ya karatasi za ukutani, na ukweli ni kwamba rangi hizo zilikuwepo na zilikuwa na sumu kweli, so haikuwa hoja ya kijinga kama inavyosikika leo.

Gunness hana utata wa aina hiyo, mifupa ilitoka kwenye zizi lake la nguruwe. Swali lililobaki ni kama alikuwa na msaidizi na msaidizi huyo alijua kiasi gani. Raya na Sakina nao walikiri. Huko Misri miaka ya karibuni yameibuka madai kwamba walisingiziwa na kwamba waliouawa walikuwa wanajeshi wa Kiingereza, lakini majina ya wanawake waliopotea yapo, na ndugu zao walikuja kuwatambua. Utata wao ni mwingine kabisa: katika lile kundi la watu 6, nani alipanga, nani alishika, nani aliangalia tu pembeni na kuhesabu dhahabu. Kila mmoja alipohojiwa alimsukumia mwenzake.

Makaratasi, na unasoma lugha gani

Kama Kiingereza ndo lugha pekee ya nje unayosoma, Cotton anakufungulia milango zaidi ya wote. Kuna magazeti ya mwaka 1872 na 1873, kuna sensa, vyeti vya ndoa na vifo, na barua chache alizoandika akiwa gerezani akiomba watu wamsaidie. Unaweza kufuatilia alihama lini kutoka mtaa gani kwenda upi.

Gunness pia ana Kiingereza kingi, kesi ya 1908 iliandikwa na kila gazeti la Marekani, ila hapo uwe makini kweli maana magazeti yale yalikuwa yanatia chumvi bila aibu, kila siku mchawi mpya, kila siku shahidi mpya aliyeona kila kitu. Barua zake kwa wanaume aliziandika kwa Kinorwei na utasoma tafsiri.

Báthory ni Kihungaria na Kilatini, kwa hiyo utategemea wanahistoria waliotafsiri, na utajikuta kila unachosoma kimeshachujwa na mtu ambaye tayari ana msimamo. Raya na Sakina ni Kiarabu, mafaili ya upelelezi na magazeti yote, na aliyesoma Kiarabu vizuri anakaa juu ya hazina ambayo waandishi wengi wa lugha nyingine hawawezi hata kuisogelea. Kama husomi Kiarabu, kiukweli fikiria mara mbili. Utakuwa unaandika juu ya uvumi.

Nje ya hawa wanne kuna Daisy de Melker wa Afrika Kusini. Kama unapenda aina ya Cotton, yaani sumu ya nyumbani na bima, lakini hutaki karne ya 19, huyu alinyongwa Pretoria Desemba 1932. Alishtakiwa kwa vifo vya waume wawili na mtoto wake Rhodes wa miaka 20, akatiwa hatiani kwa mtoto peke yake. Muuza dawa aliona picha yake gazetini akakumbuka kwamba mama huyu alinunua arseniki kwake. Kwa nini alimuua mwanaye hadi leo hakuna jibu linaloridhisha. Nimemweka pembeni kwa sababu anagusana sana na Cotton kwenye vipimo vyangu, si kwa sababu ni dhaifu.

Dunia utakayoijenga

Kazi kubwa kuliko zote iko kwa Báthory. Vita na Waturuki mpakani, mume ambaye nusu ya maisha yake ni uwanja wa vita, Waprotestanti na Wakatoliki wanatazamana kwa jicho baya, na sheria ambayo bwana mwenye ardhi anaweza kumwadhibu mtumishi wake kiasi ambacho sisi tunaona ni uhalifu mtupu. Hilo la mwisho ndo litakusumbua zaidi, maana ukimwandika kama mnyama peke yake katikati ya mabwana wapole umeshadanganya. Nguo, vyakula, majengo, salamu, vyote unaanza sifuri.

Cotton ni dunia ndogo, nyumba za vyumba viwili, choo cha nje, birika la chai, mtoto kitandani. Lakini vitu vidogo ndo vinahitaji usahihi. Mfano, unataka kuandika tukio la kununua sumu. Huwezi kumfanya aingie dukani, alipe, atoke. Tangu sheria ya 1851 muuzaji alitakiwa kuandika kwenye daftari nani kanunua, kiasi gani, kwa ajili ya nini, mnunuzi anasaini, na kama muuzaji hamjui mteja basi lazima awepo shahidi anayemjua. Arseniki yenyewe ikiuzwa kidogo kidogo inatakiwa ichanganywe na masizi au rangi ya nili ili isidhaniwe sukari au unga. Sababu ya kawaida ya kununua ilikuwa kuua kunguni, unachanganya na sabuni laini unapaka kwenye fremu ya kitanda. Ukishajua haya, tukio linajiandika lenyewe: anamtuma jirani au anakwenda mwenyewe? Anasaini au anaweka alama? Anacheka na muuzaji kuhusu kunguni?

La Porte ni rahisi kuipenda, mji mdogo, reli, benki, kanisa, nguruwe, wahamiaji wanaosali kwa lugha ya kwao. Na kuna kitu cha ajabu utakachokipata bure: baada ya maiti kufukuliwa maelfu ya watu walikuja kwa treni kuangalia mashimo, familia nzima nzima, watoto wamebebwa mabegani, wanauziwa aiskrimu na postikadi. Hiyo sura moja inakwambia kuhusu Marekani ya 1908 kuliko vitabu kumi.

Alexandria ya 1920 nayo ina kila kitu kwa wakati mmoja. Vita vya kwanza vya dunia vimeisha, wanajeshi wa Uingereza bado wapo, mapinduzi ya 1919 dhidi ya Waingereza yamepita juzi tu, bei ya pamba imeanguka, watu wa mashambani wamejaa mjini hawana kazi. Benki kwa mwanamke maskini ni mkono wake, akiba yote iko kwenye bangili za dhahabu anazovaa, ndo maana akipotea akiba imepotea naye.

Nani asimulie

Hapa nitakaa kidogo maana ndo waandishi wanapotelea. Wazo la kwanza la kila mtu ni muuaji asimulie mwenyewe, mimi nilifanya hivi na hivi. Inafanya kazi kwa wengine, kwa wengine inaua kitabu.

Gunness ndo anaibeba vizuri kuliko wote, kwa sababu alikuwa mwandishi tayari. Soma tafsiri za barua zake kwa Andrew Helgelien, mkulima wa South Dakota, uone. Anamwandikia kwa miezi mingi kwa upole, anamsifia, anamweleza shamba lilivyo zuri, anamsisitiza asimwambie mtu yeyote, abadilishe pesa zote ziwe noti kubwa azishonee ndani ya nguo, aje akae moja kwa moja. Sauti ipo pale, tamu, ya kimama, inayojali baridi isimpate. Ukiweza kuikamata hiyo sauti umemaliza nusu ya kazi. Mbadala wake ni Asle, ndugu yake Andrew, aliyeona kaka haandiki, akaandika kuuliza, akajibiwa kwamba labda amerudi Norwei, akakataa kuamini, akasafiri mwenyewe. Alifika La Porte nyumba ikiwa majivu, akazunguka, kabla ya kuondoka akamuuliza kibarua wa shambani kama kuna shimo lolote lilichimbwa msimu huo. Kibarua akamwonyesha shimo la takataka kwenye zizi la nguruwe. Wakachimba. Huyo ni msimulizi ambaye msomaji atamfuata hadi mwisho bila kulazimishwa.

Cotton akisimulia mwenyewe inakuwa shida, maana hatujui kabisa kichwani mwake kulikuwa na nini, na hadi dakika ya mwisho alisema hana hatia. Ukimpa sauti utalazimika kumpa sababu, na sababu yoyote utakayompa itaonekana ndogo mbele ya vitanda vyote vile vya watoto. Mimi ningemtumia mtu aliye mlangoni. Kuna Thomas Riley, ofisa wa parokia ya West Auckland, ambaye Mary Ann alimlalamikia kwamba mtoto Charles anamzuia kufanya kazi, akauliza kama anaweza kupelekwa nyumba ya maskini, akaambiwa hapana, labda waende wote wawili. Akajibu kwamba hatasumbuka kwa muda mrefu, mtoto atakwenda kama akina Cotton wengine. Siku chache baadaye Riley anapita anamkuta mlangoni, mtoto amekufa. Badala ya kupita na pole zake akaenda polisi na kwa daktari, akaomba cheti cha kifo kisitolewe kwanza, na bila cheti bima hailipi. Kuna pia James Robinson, mume wa tatu, aliyegundua madeni ya siri, akamfukuza nyumbani, akaishi. Fikiria mtu huyo anasoma gazeti mwaka 1873 huku akikumbuka watoto wake waliokufa baada ya mwanamke huyo kuingia nyumbani.

Báthory, msikilize mwandishi wa yale maelezo 300. Karani anayekwenda kijiji kwa kijiji na wino wake, anayejua bosi wake anataka jibu gani. Au mtumishi. Ukimpa Báthory mwenyewe sauti umeshaamua kama ana hatia, na kama hukuwa tayari kuamua utaanza kukwepakwepa na msomaji ataona.

Raya na Sakina wanataka sauti nyingi. Walikuwa kundi, na kundi likisimuliwa na mtu mmoja linakuwa la uongo. Raya alikuwa na binti mdogo, Badi'a, aliyeishi kwenye nyumba hizohizo na maelezo yake yakatumika dhidi yao. Sauti ya mtoto ni kishawishi kikubwa, ila tahadhari, ni mtoto aliyeteseka kweli, usimgeuze tochi ya kumulikia watu wazima.

Waliokufa

Kila anayeandika aina hii ataulizwa, na atakuwa anastahili kuulizwa. Kwa Raya na Sakina waliokufa wana majina na mazoea, wengi walikuwa wanawake wa mtaa uleule, baadhi waliishi kwa kuuza miili yao, wengine walikuwa marafiki waliokaribishwa kunywa. Ndugu walitoa taarifa polisi na kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Riwaya inayowaangalia hao 17 kwanza, na ndugu wawili baadaye, naona ndo yenye maana zaidi. Huku ndani ya vyumba ubani unachomwa ili harufu isitoke, na nje maisha yanaendelea.

Waliokufa kwa Cotton ni watoto wadogo wengi. Sijui nisemeje, kama una mtoto mchanga nyumbani sasa hivi labda subiri. Kwa Gunness ni wanaume wapweke wahamiaji, na kuna watoto pia, akiwemo Jennie Olsen, binti aliyemlea, ambaye watu waliambiwa kaenda kusoma California kumbe kazikwa uani. Kwa Báthory wasichana wengi hatuna hata majina yao, na hilo linakupa uhuru wa kuwabuni na pia mzigo wa kuwabuni kwa heshima.

Mwisho wa stori

Cotton ana mwisho uliofungwa kabisa, tena mzito. Kesi ilisubiri kwa sababu alikuwa mjamzito, akajifungua binti gerezani Januari 1873, mtoto akapewa familia nyingine, na mnyongaji William Calcraft akampa kamba fupi kiasi kwamba hakufa haraka. Kazi yako ni kuamua unasimama wapi kabla ya hapo, kwa sababu ukiandika yote utakuwa unamuomba msomaji machozi.

Gunness ana mwisho uliofunguka. Kwenye majivu kulikuwa na maiti za watoto watatu na mwanamke asiye na kichwa, ambaye majirani walisema ni mdogo mno kuwa Belle. Meno yake ya bandia yakapatikana baadaye kwenye majivu, serikali ikasema ni yeye. Ray Lamphere, kibarua wake wa zamani, akafungwa kwa kuchoma nyumba lakini si kwa mauaji, akafia gerezani 1909. Mwaka 2007 mabaki yalifukuliwa ili yapimwe vinasaba na majibu hayakutoa uhakika. Kwa hiyo mwisho ni wako. Kuna waandishi hiyo inawapa raha na kuna wengine inawatia kiwewe, jijue.

Báthory alifungiwa kwenye ngome yake hadi alipokufa Agosti 1614, mwisho wa polepole usio na tukio. Raya na Sakina ni kitanzi, Desemba 1921, na inasemwa sana kwamba ndo wanawake wa kwanza kunyongwa na dola ya Misri ya kisasa.

Sasa wewe uko wapi

Unaandika riwaya yako ya kwanza na unataka msingi wa tarehe na anwani ili usipotee: Cotton atakushika mkono, ilimradi usikimbilie kumpa sababu. Unapenda kasi, barua, msomaji anayegeuza kurasa usiku, na huogopi kuamua mwenyewe mwisho: Gunness. Umekwisha andika kitabu kimoja au viwili, una muda, na swali la nani anaandika historia ya mwanamke ndo linalokukosesha usingizi: Báthory, ila utupe ile ya kuoga damu mapema kabisa, au uitumie kama uvumi ndani ya stori na si kama tukio. Unasoma Kiarabu, unataka mji wa Afrika wenye umaskini, ukoloni na dhahabu kwenye mkono mmoja, na unaweza kubeba wahusika wengi kwa pamoja: Raya na Sakina.

Una hofu ya kugusa watu waliokuwa hai kweli? Badilisha jina, badilisha mji, chukua mfumo tu, mfano matangazo ya kutafuta mwenza au bima ndogondogo. Utapoteza ile nguvu ya kusema hii ilitokea, utapata uhuru wa kupinda kila kitu. Ukifanya hivyo kwa Gunness hupotezi sana, kwa Raya na Sakina unapoteza karibu yote, maana uzito wao uko Labban na mwaka 1920.

Na kama bado umegawanyika kati ya wawili, andika kurasa tatu za kila mmoja, tukio lilelile: mtu anagonga mlango wake siku moja baada ya kifo, anauliza marehemu yuko wapi. Usimwonyeshe mtu. Ambaye alijibu kitu ambacho hukukitarajia ulipokuwa unaandika, anza naye huyo.